Kupandikiza seli ubongoni kwa mgonjwa wa Parkinson: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mama yangu ana Parkinson, na huu ni mwaka wa tisa. Tangu habari za seli zinazopandikizwa ubongoni zilipoenea mwaka 2025, ndugu, marafiki na hata watu nisiowajua wamekuwa wakiniuliza maswali yale yale, maana wanajua nimezisoma ripoti za majaribio haya moja baada ya nyingine. Nimeyaweka majibu yote hapa. Mimi si daktari. Uamuzi wowote ufanye pamoja na daktari wa neva anayemfahamu mgonjwa wako.

Tiba hii inakusudia kufanya nini?

Mwenye Parkinson hupoteza, kidogo kidogo, seli za neva zinazotengeneza dopamini, kemikali ambayo seli za neva huitumia kupeana ujumbe. Seli hizo zinakaa katika ubongo wa kati, kwenye eneo dogo liitwalo substansia nigra, na kutoka hapo hutuma nyuzi hadi sehemu iitwayo putameni, ambayo husaidia kuongoza miondoko ya mwili. Kufikia siku ambayo mkono unaanza kutetemeka au mguu kuburuta, nusu ya seli hizo au zaidi zimeshakufa.

Kidonge cha levodopa humpa mgonjwa malighafi ya dopamini. Upandikizaji unataka kumrudishia mtengenezaji mwenyewe: seli changa zinazowekwa ndani ya ubongo zikue, zioteshe nyuzi, ziungane na seli alizonazo mgonjwa, kisha zitoe dopamini usiku na mchana.

Kama levodopa ipo, kuna haja gani ya kutoboa fuvu la mtu?

Miaka ya mwanzo haja hiyo haionekani, kwa sababu levodopa hufanya kazi vizuri sana. Shida huja baadaye. Mama humeza kidonge saa moja asubuhi. Saa mbili kasorobo anafunga vifungo vya blauzi yake mwenyewe, kimoja kimoja, bila kuangalia. Ikikaribia saa nne kidole gumba cha kulia kinaanza kucheza, kifungo kinamponyoka, anakitafuta tena, kinamponyoka tena. Hapo huacha, huweka mikono mapajani na kusubiri kidonge kinachofuata. Baada ya kidonge hicho huja nusu saa nyingine ambayo shingo na bega vinajipinda vyenyewe, kwa kuwa dawa imezidi.

Kupanda na kushuka huku ndiko wagonjwa wengi wanakokuita jela yao. Seli zinazotoa dopamini kwa kiasi cha sawasawa zingeweza kuisawazisha hali hiyo, na ndiyo maana watafiti wameng'ang'ania wazo hili kwa zaidi ya miaka 40.

Zinawekwaje?

Mgonjwa hufungwa fremu maalumu kichwani, hupigwa picha za MRI, na daktari mpasuaji hupanga njia ambayo sindano itapita bila kugusa mishipa ya damu. Katika majaribio ya sasa mgonjwa kwa kawaida huwa amelazwa usingizi. Fuvu hutobolewa tundu dogo kila upande. Sindano nyembamba hushushwa hadi putameni, seli huachwa kwa vitone vidogo vidogo katika kina tofauti, kisha sindano hutolewa polepole sana ili seli zisirudi nayo. Njia kadhaa za namna hiyo hupitishwa upande wa kulia na wa kushoto.

Watu hushangaa wakisikia seli hazipelekwi kule zilikofia. Sababu ni umbali. Katika ubongo wa mtu mzima ni vigumu kwa nyuzi mpya kusafiri kutoka substansia nigra hadi putameni, kwa hiyo seli huwekwa moja kwa moja mahali dopamini yake inapohitajika.

Ni wazo jipya?

La. Mwaka 1979 watafiti walionyesha kwamba panya walioharibiwa mfumo wa dopamini hupata nafuu wakipandikizwa tishu changa za ubongo. Miaka michache baadaye, nchini Sweden, wagonjwa walijaribiwa kwa tishu kutoka tezi iliyo juu ya figo zao wenyewe, kwa kuwa tezi hiyo nayo hutoa dopamini kidogo. Mwaka 1987 madaktari wa Meksiko walitangaza matokeo mazuri ya njia hiyo, operesheni zikaenea haraka katika nchi nyingine, kisha ikagundulika kwamba seli hizo kwa sehemu kubwa hufa. Njia ikaachwa. Kisa hicho napenda kukikumbuka kila ninaposikia tangazo jipya.

Mwaka huo huo wa 1987, mjini Lund, Sweden, timu ya Olle Lindvall na Anders Björklund ilianza kutumia tishu za ubongo wa vijusi, kutoka mimba zilizotolewa katika wiki za mwanzo. Hizi ziliishi. Baadhi ya wagonjwa waliweza hata kukaa miaka kadhaa bila levodopa. Mmoja wa wagonjwa hao wa Lund alipofariki, uchunguzi wa ubongo wake ulionyesha kwamba seli alizopandikizwa miaka 24 kabla bado zilikuwa hai na nyuzi zake zimetapakaa putameni yote. Hata hivyo, nafuu aliyokuwa ameipata ilikuwa imekwisha miaka mingi kabla ya kifo chake. Nitalirudia jambo hili chini, kwa kuwa ndilo kiini cha kila kitu.

Nimesikia kuna watu waliopona kabisa kwa njia hii. Ni kweli?

Huenda ulichosikia ni kisa cha California. Mwaka 1982 vijana kadhaa walijidunga heroini bandia iliyokuwa na sumu iitwayo MPTP. Ndani ya siku chache walikakamaa kama wazee wenye Parkinson ya miaka mingi. Daktari William Langston ndiye aliyefuatilia chanzo hadi kwenye sumu hiyo. Baadaye wawili kati yao walipandikizwa tishu za vijusi huko Lund, na ripoti ya mwaka 1992 ilieleza kwamba walipata nafuu kubwa, ingawa hawakupona kabisa.

Lakini fikiri vizuri walikuwa na nini. Sumu ile iliua hasa seli za dopamini. Parkinson ya kawaida haiishii hapo: huvamia pia neva za utumbo, za harufu, za usingizi, za shinikizo la damu, na kwa wengi mwishowe sehemu za kumbukumbu na fikra. Mtu aliyepungukiwa na dopamini peke yake akirudishiwa dopamini, karibu kila kitu kinarudi. Mama yangu akirudishiwa dopamini, vifungo vya blauzi vitarudi. Kufunga choo, kuota ndoto kwa sauti na kupiga mateke usiku, kizunguzungu anaposimama: hivyo havitokani na putameni, na seli za putameni haziwezi kuviondoa.

Kwa nini basi operesheni hizi zilisimama?

Kwa sababu zilipopimwa kwa ukali, hazikufikia matarajio. Huko Marekani, jaribio lililochapishwa mwaka 2001 lilikuwa na wagonjwa 40. Nusu walipandikizwa tishu; nusu walitobolewa tundu kwenye fuvu bila kuwekewa chochote, wala wao wenyewe hawakujua wamo kundi gani. Waliokuwa na miaka 60 au chini yake walionyesha nafuu ya mwendo, wazee zaidi hawakuonyesha. Jaribio la pili, la 2003, lenye wagonjwa 34, halikuonyesha tofauti ya maana kati ya makundi.

Kibaya zaidi kilikuwa kingine. Katika jaribio la pili, zaidi ya nusu ya waliopandikizwa walianza kujinyonganyonga na kurusha viungo hata wakiwa hawajameza dawa. Kwa levodopa unaweza kupunguza kipimo. Seli zilizoko ubongoni huwezi kuzipunguza. Maelezo mojawapo yenye nguvu ni kwamba tishu za kijusi zilikuwa na mchanganyiko: pamoja na seli za dopamini zilikuja seli za serotonini, nazo hutoa dopamini ovyo.

Kulikuwa na tatizo la upatikanaji pia. Mgonjwa mmoja alihitaji tishu kutoka vijusi kadhaa, vyote vya umri unaofaa, vipatikane ndani ya siku chache. Mradi wa Ulaya uitwao TRANSEURO, ulioanza 2010, uliahirisha operesheni mara nyingi kwa kukosa tishu, na mwishowe wagonjwa 11 tu ndio waliopandikizwa.

Seli za leo zinatoka wapi?

Zinakuzwa maabara kutokana na seli shina, yaani seli ambazo bado zinaweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Zipo za aina mbili.

Ya kwanza ni seli shina za kiinitete, zilizopatikana kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1998 katika maabara ya James Thomson, Wisconsin. Chanzo chake ni viinitete vilivyobaki baada ya matibabu ya kupandikiza mimba, vikatolewa na wenyewe kwa utafiti. Ukishapata seli hizo mara moja zinaweza kuzalishwa miaka na miaka.

Ya pili ni seli za iPS. Shinya Yamanaka wa Kyoto, Japani, alionyesha mwaka 2006, kwa panya, kwamba seli ya kawaida iliyokwisha kukomaa inaweza kurudishwa katika hali ya utoto wake. Mwaka uliofuata ikafanyika kwa seli za binadamu, na mwaka 2012 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na John Gurdon.

Seli shina yenyewe haipandikizwi. Kwanza huongozwa kwa kemikali, siku baada ya siku, hadi ielekee kuwa seli ya dopamini ya ubongo wa kati. Njia hiyo iliimarika sana baada ya kazi ya maabara ya Lorenz Studer mjini New York iliyochapishwa 2011. Sasa kila mgonjwa anaweza kupewa seli za aina ile ile, zilizokaguliwa kabla, na idadi yake inajulikana.

Majaribio ya 2025 yalionyesha nini hasa?

Mwezi Aprili mwaka huo ripoti mbili zilitoka pamoja.

Ya Kyoto, iliyoongozwa na Jun Takahashi, ilihusu watu 7 wenye miaka 50 hadi 69. Walipandikizwa pande zote mbili seli zilizotokana na iPS za mtu mwingine mwenye afya, wakafuatiliwa kwa miezi 24. Hakuna aliyepata madhara makubwa, wala picha hazikuonyesha uvimbe. Kati ya 6 waliopimwa mwendo, 4 walikuwa na nafuu walipopimwa bila dawa mwilini. Picha za PET zilionyesha utengenezaji wa dopamini umeongezeka putameni, na hili ndilo lililonifurahisha kuliko yote, kwa sababu mtu anaweza kujisikia vizuri kwa matumaini tu, lakini matumaini hayabadilishi picha kwa kiasi hicho.

Ya pili ilifanyika Marekani na Kanada, kwa seli za kiinitete za kampuni ya BlueRock. Watu 12: watano walipewa seli chache, saba nyingi zaidi. Baada ya miezi 18, kundi la seli nyingi lilikuwa limepungua wastani wa alama 23 katika kipimo cha mwendo ambacho mwisho wake ni 132, na ambacho alama zikipungua ndiyo nafuu, wakipimwa bila dawa. Ni badiliko ambalo mke au mtoto wa mgonjwa angeliona kwa macho. Miondoko ile ya kujinyonganyonga bila dawa haikujitokeza.

Kuna jaribio jingine la Lund na Cambridge, liitwalo STEM-PD, ambalo mgonjwa wake wa kwanza alipandikizwa mwaka 2023. Na mwaka 2020 iliripotiwa habari ya mgonjwa mmoja nchini Marekani aliyepandikizwa seli zilizotokana na ngozi yake mwenyewe, kwa operesheni mbili za 2017 na 2018, bila dawa za kushusha kinga.

Basi imethibitishwa?

Bado. Majaribio yote hayo mawili ya 2025 yalikuwa ya kuangalia usalama kwanza. Kila mshiriki alijua amepandikizwa, na hapakuwa na kundi la kulinganisha.

Katika Parkinson hili si jambo dogo. Matarajio peke yake huufanya ubongo utoe dopamini. Wale wagonjwa wa jaribio la 2001 walipoulizwa wanadhani wamo kundi gani, waliosadiki kwamba wamepandikizwa waliripoti maisha bora zaidi, hata kama kwa kweli walitobolewa tundu tupu. Mwaka 2011 tiba nyingine, iliyotumia seli za jicho zilizopandikizwa kwa wagonjwa, ilishindwa kwa namna hiyo hiyo: majaribio ya mwanzo yalipendeza, lakini kwa wagonjwa 71 waliogawanywa kwa siri, operesheni ya kuigiza ilifanya kazi sawa na operesheni ya kweli.

Kwa hiyo jaribio la awamu ya tatu la BlueRock, lililopangwa kuwa na watu wapatao 102 na lenye kundi la operesheni ya kuigiza, ndilo ninalolisubiri. Huko Japani, kampuni ya Sumitomo Pharma iliomba kibali cha seli za Kyoto mwezi Agosti 2025. Sheria ya Japani inaruhusu kibali cha masharti na cha muda kwa tiba za aina hii wakati ushahidi zaidi unakusanywa. Ukisikia neno "kibali", uliza ni cha aina gani.

Mgonjwa ataacha dawa?

Usipange hivyo. Wengi waliopandikizwa wanaendelea na levodopa. Nafuu yenyewe haiji siku ya pili: seli huwekwa zikiwa changa, na huchukua miezi mingi, hata miaka, kukomaa na kuunganika.

Dawa za kushusha kinga ni za maisha?

Katika majaribio haya hazikuwa hivyo. Marekani na Kanada zilitumiwa mwaka mmoja. Kyoto, dawa iitwayo takrolimu kwa miezi 15. Hata hivyo, kipindi hicho si chepesi kwa mtu wa miaka 65: maambukizi humpata kwa urahisi na figo zinahitaji kuangaliwa.

Hatari nyingine?

Damu kuvuja ubongoni, maambukizi, degedege. Katika jaribio la BlueRock mshiriki mmoja alipata degedege iliyohusishwa na upasuaji. Hatari inayowaogopesha watafiti zaidi ni seli iliyobaki katika hali ya utoto kuendelea kugawanyika na kuwa uvimbe. Ndiyo maana Kyoto walizichuja seli zao kabla ya kuzitumia, na ndiyo maana washiriki watafuatiliwa kwa miaka mingi.

Je, ugonjwa hautazishambulia hizi mpya pia?

Kwa kiasi fulani, ndiyo. Mwaka 2008 uchunguzi wa ubongo wa watu waliofariki miaka 11 hadi 16 baada ya kupandikizwa tishu za vijusi ulikuta miili ya Lewy, yaani mabonge ya protini ambayo ni alama ya Parkinson, ndani ya baadhi ya seli zilizopandikizwa. Seli hizo zilikuwa changa mno kwa umri kuweza kuwa nayo zenyewe. Habari njema ni kwamba ni sehemu ndogo tu iliyoathirika, na mchakato huo huchukua miaka mingi. Mtu wa miaka 60 akipata miaka kumi au zaidi ya vifungo vyake, hilo kwangu si haba.

Ina tofauti gani na kile kifaa cha umeme cha ubongoni?

Kifaa hicho hutuliza mizunguko ya neva iliyovurugika kwa umeme, hakileti dopamini. Kimetumika tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kinaweza kurekebishwa na hata kuzimwa, na kwa wagonjwa wanaofaa ni tiba iliyothibitishwa. Kama daktari amekitaja, usikikatae kwa sababu unasubiri seli.

Kliniki moja imesema itamchoma baba yangu seli shina kwenye mshipa wa damu. Tulipe?

Msilipe. Nalisema bila kusitasita.

Sisi pia walitupigia simu. Sauti ya upole, "mama yetu" kila sentensi, picha za watu wanaotembea. Nilimwuliza aliyepiga mambo matatu: seli ni za aina gani, zimepimwaje kwamba ni za dopamini, na jaribio limesajiliwa wapi. Jibu la la kwanza lilikuwa "seli bora kabisa". La pili na la tatu hakujibu; alinipa bei na siku ya mwisho ya punguzo.

Seli za mafuta au za uboho wa mifupa zinazodungwa kwenye mshipa hazigeuki kuwa seli za dopamini wala hazifiki putameni kukaa. Na zile zinazoingizwa ubongoni bila udhibiti zinaweza kuua. Mwaka 2009 iliripotiwa habari ya mvulana mwenye ugonjwa mwingine wa neva, aliyepelekwa Moscow kudungwa seli changa za ubongo mara kadhaa. Miaka minne baada ya dozi ya kwanza alikutwa na uvimbe ubongoni na kwenye uti wa mgongo, na vipimo vikaonyesha kwamba seli za uvimbe huo hazikuwa zake.

Mfa maji haachi kutapatapa, na hawa wanaijua methali hiyo kuliko sisi. Jaribio halali halimwuzii mshiriki seli. Lina kamati ya maadili, lina fomu ndefu inayotaja hatari kwa majina yake, limesajiliwa kwenye orodha ya wazi kama ClinicalTrials.gov, na litakukataa kama hufai. Anayekukubali kwa simu, kabla ya kuona hata karatasi moja ya hospitali, anachagua pochi.

Nani hukubaliwa kwenye majaribio?

Kwa kawaida mtu ambaye levodopa bado inamsaidia lakini inapanda na kushuka, ambaye kumbukumbu yake ni nzuri, na ambaye moyo na figo zitahimili upasuaji na dawa za kinga. Kama levodopa haikuwahi kumsaidia, huenda ugonjwa wake si Parkinson ya kawaida, na seli za dopamini hazitamfaa.

Dini yangu hainiruhusu kutumia viinitete. Nimefungiwa mlango?

Hapana. Seli za iPS hutokana na damu au ngozi ya mtu mzima. Una haki ya kuuliza chanzo cha seli kabla ya kutia saini, na watafiti wanatakiwa kukujibu waziwazi.

Wewe ungempeleka mama yako?

Mama ana miaka 74, na kwa jaribio kama la Kyoto angekuwa amepitiliza umri. Hata hivyo nilimsomea ripoti hiyo jioni moja, yote, nikimtafsiria. Alisikiliza kimya hadi mwisho, kisha akauliza kama wale saba bado wapo. Nikamwambia ripoti inaishia miezi 24 na kwamba hadi hapo walikuwepo wote. Akaniagiza nimwambie itakapotoka nyingine. Halafu akatazama saa, akanyoosha mkono kuchukua kidonge.